Bahari Hufungwa, Mlima Je?

Ndugu msomaji, mwaka jana katikati ya mwezi wa Machi, jua la kaskazi likiwa bado linachoma hapa kwetu Shanzu, mjukuu wangu alinijia barazani baada ya sala ya alasiri, akakaa kitako na kunyamaza kama mtu mwenye haja. Nikamwuliza ana nini. Akasema amekuja kutaka radhi ya safari. Yeye na wenzake kumi na mmoja, wote wanafunzi, walikuwa wamechanga fedha na kukodi gari huko mjini, na likizo ya Aprili ikifika tu watakwenda kuupanda Mlima Kenya. Gari litawafikisha mpaka kimo cha mita elfu tatu, alisema, na kutoka hapo watakwenda kwa miguu. Shilingi elfu ishirini za kutangulia walikwisha kumpa mwenye gari.

Sikumjibu mara moja. Kijana akadhani babu amechukia, naye akaanza kunihesabia majaketi na mablanketi watakayochukua. Kumbe mimi nilikuwa nahesabu miezi.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "mwezi huo mlima umefungwa."

Akacheka. Alicheka kwa adabu, walakini alicheka. "Babu, mlima si duka. Utafungwaje?"

Basi hilo la kufungwa kwa mlima ndilo nitakalo kuzungumza nanyi leo. Nimeona kwamba sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu waliijua mno maana ya kufungwa kwa njia, tumeanza kuisahau. Nami nina sababu ya kulisema, kwa kuwa siku moja nililipuuza, na aliyelipa hakuwa mimi.

LANGO LA NARO MORU

Kwanza nieleze kidogo kwa wale ambao hawajafika huko. Mlima Kenya, ambao kilele chake kirefu kiitwacho Batian kina mita 5,199, ulifanywa mbuga ya taifa mwaka 1949. Mtu hapandi popote apendapo. Ziko njia zenye malango yake, na yajulikanayo zaidi ni matatu: Naro Moru upande wa magharibi, Sirimon upande wa kaskazini-magharibi, na Chogoria upande wa mashariki.

Njia ya Naro Moru ndiyo niijuayo mimi. Unaiacha barabara ya lami iendayo Nanyuki, unapita katikati ya mashamba mpaka unalifikia lango, ambalo liko kimo cha mita 2,400 hivi. Wakati wa kiangazi gari lenye nguvu hulipita lango hilo, likapanda yapata kilomita kumi ndani ya msitu wa miti mikubwa na mianzi, likafika mahali paitwapo Met Station, yaani kituo cha kupimia hali ya hewa, mita 3,050 juu ya bahari. Hapo ndipo magari yote yanapokoma. Anayepanda hulala hapo usiku mmoja ili mwili uzoee hewa nyepesi, kisha asubuhi hushika njia ya miguu.

Hizo kilomita kumi, bwana, ndizo zenye maneno. Kiangazi ni mwendo mdogo tu, dereva anapiga mluzi. Mvua ya mwaka ikianza, yaani ile wenzetu wa Tanzania waiitayo masika, gari huishia langoni. Kilomita kumi zinakuwa za miguu, tena za kupanda, na mzigo mgongoni, katika msitu wenye nyati na ndovu. Mpandaji amekwisha tumia siku nzima na nguvu zake nyingi, na mlima wenyewe bado hajauanza. Na mvua ikishika kwelikweli, hata ile njia ya mashambani, chini ya lango, haipitiki.

Chogoria ndiyo mbaya zaidi. Lango lake liko juu sana, mita 2,950, na kulifikia kutoka mjini ni zaidi ya kilomita ishirini za njia ya udongo msituni. Ikinyesha, gari la kawaida haliwezi hata kujaribu. Sirimon ina nafuu, kwa kuwa upande ule hupata mvua chache. Na jirani ya Mlima Kenya, mbuga ya Aberdare iliyoanzishwa mwaka 1950, nayo hufunga njia zake nyingi za juu mvua inapokuwa kubwa.

Wengine hudhani kwamba ni uvivu wa askari wa mbuga. Sivyo. Udongo wa kule ni mwekundu, umetokana na moto wa zamani wa mlima wenyewe, na ukilowa unakuwa kama sabuni. Gari moja likipita kwenye tope linaacha mifuo miwili ya magurudumu. Usiku maji yanaifuata mifuo ile kama mifereji, yanaichimba, na asubuhi ya pili njia imekuwa mto. Kwa hiyo gari moja la mkaidi mwezi wa Aprili linaweza kuwaharibia njia watu mia wa mwezi wa Agosti. Lango linapofungwa, njia nayo inalindwa.

Hata huko ng'ambo mambo ni hayo hayo, isipokuwa kwao ni theluji. Marekani, katika mbuga ya Yosemite, iko barabara ya Tioga ambayo inavuka milima kwenye kimo cha mita 3,031, karibu sawa kabisa na Met Station yetu. Barabara hiyo hufungwa kwa theluji kuanzia mwezi wa Novemba hivi mpaka Mei au Juni, na mwaka wenye theluji nyingi hata Julai. Ni zaidi ya nusu ya mwaka! Sisi tunafungiwa kwa mvua miezi miwili au mitatu, na bado tunalalamika.

SIKU NILIYOPUUZA

Mwaka 1985 nilikuwa dereva wa kampuni moja ya watalii hapa pwani. Jina lake halina faida kwa msomaji. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Aprili, mwezi wa Shaabani umeandama juzijuzi tu, na Ramadhani iko mbele yetu kwa muda usiotimia mwezi. Wenye umri wangu mnaijua Shanzu ya majira hayo. Mahoteli yote ya ufuoni yako wazi milango lakini hamna watu. Wapishi, watandika vitanda na wapiga ngoma wamepewa likizo isiyokuwa na mshahara. Wauza vinyago wamekaa chini ya minazi wanatazama mvua. Nilikuwa na watoto wanne. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kuna wageni watatu wa kupelekwa Mlima Kenya, nilimshukuru Mwenyezi Mungu wala sikuuliza ni mwezi gani.

Tulifika Naro Moru siku ya pili, jua limekwisha kuelekea kuzama, na wingu limekaa juu ya mlima kama kifuniko cha sufuria. Wapagazi walikuwa wamejikinga chini ya kibaraza cha duka. Mmoja wao, mtu mwembamba wa rika langu, amevaa gambuti zenye viraka, alikuja mpaka dirishani.

"Dereva, laleni hapa," akasema. "Imenyesha siku tatu. Magari yanaishia langoni, na leo sidhani hata langoni kama utafika."

Nikamwambia, "Ndugu yangu, hii ni Land Rover."

Akaitazama kutoka mbele hata nyuma. "Hata tingatinga ni gari," akasema.

Leo nikiyakumbuka maneno hayo nacheka, lakini siku ile niliyaona ni ya mtu mwoga. Wageni walitaka kulala karibu na lango. Nami nilikuwa na hesabu yangu: kila siku iliyozidi ilikuwa ikikatwa katika malipo yangu. Nikamwajiri yule yule mpagazi aje nasi aonyeshe njia. Angeweza kukataa, lakini tangu mwezi wa Machi hakuwa amepata kazi, akapanda.

Giza lilitukuta njiani, bado hatujaliona lango. Gari liliteleza polepole sana, kama mtu anayekaa kitini, likaingia mtaroni na kulala upande. Tulichimba kwa jembe, tukakata matawi tukayaweka chini ya magurudumu. Magurudumu yakayatafuna matawi na kuzidi kuchimba. Mvua ikaendelea kunyesha, na baridi yake, ndugu zangu, si hii tunayoiita baridi mwezi wa Julai tukivaa sweta kwenda msikitini. Wageni walikuwa na mifuko yao ya kulalia. Mimi nilikuwa na shuka. Yeye alikuwa na sweta moja, imelowa.

Ilipofika saa tano ya usiku akasema atashuka mashambani kutafuta watu. Sikumzuia. Nakiri hapa mbele yenu kwamba sikumzuia. Akarudi karibu na alfajiri akiwa na wanaume sita na kamba. Nilitawadha kwa maji ya mtaro, vidole havisikii kitu, nikasali juu ya turubai kando ya gari. Nilipotoa salamu nilimwona amejishika kifua, anatetemeka.

Walilivuta gari, tukageuza, tukarudi tulikotoka. Wageni wakaghairi, wakataka kupelekwa Nanyuki kwenye hoteli yenye moto. Kampuni ikanilipa siku zangu nilizofanya, na wageni, Mungu awajazi, wakanipa bakshishi nzuri.

Mnamo Ramadhani, dereva mwenzangu aliyetoka huko aliniletea habari. Yule mpagazi alipatwa na kichomi siku ile ile, akalazwa, na mkewe aliuza mtamba wao ili kulipa gharama. Mimi fedha zangu nilikwisha kuzitumia. Nilinunua tende, mchele, na nguo za watoto. Kanzu walizovaa wanangu Idi ile zilinunuliwa kwa mtamba wa mtu mwingine.

MJOMBA WANGU NA BAHARI

Mwezi wa Agosti nilipata safari nyingine ya upande ule, nikamtafuta. Nilimkuta nyumbani kwake, amekonda lakini anatembea. Nilimpelekea blanketi na fedha kidogo, ambazo hazikufika hata bei ya kwato za mtamba. Nikaanza kumwomba radhi. Akanikata maneno. Alichotaka kujua ni kitu kingine kabisa.

"Hebu nieleze," akasema. "Huko kwenu baharini, hamna miezi ya kufunga?"

Swali hilo lilinitia haya kuliko kama angenitukana. Maana nimezaliwa katika nyumba ya manahodha.

Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na jahazi lililokuwa likipakia boriti na chokaa baina ya Lamu na Mombasa. Mimi nimelelewa mikononi mwake. Kalenda yake haikuwa ya ukutani. Miezi yetu ya Kiislamu inafuata mwandamo, na kwa hivyo Ramadhani yaweza kuangukia jua kali mwaka huu na baada ya miaka ikaangukia mvua. Ndiyo hekima yake. Lakini upepo haufuati mwezi, unafuata jua. Kwa ajili hiyo mabaharia wa pwani yote waliweka hesabu ya pili, hesabu ya Nairuzi, ambayo ni mwaka wa jua wa siku 365, uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na siku tano za kuzidi. Ndiyo ile Siku ya Mwaka ambayo wenzetu wa Makunduchi, Unguja, bado huifanyia sherehe mwezi wa Julai. Mjomba alikuwa akiamka asubuhi akisema tumo katika mwongo fulani, na kwa neno hilo moja kila mtu nyumbani alijua kama ni wakati wa kupakia, wa kungoja, au wa kupandisha chombo pwani.

Kaskazi ikivuma, tangu Disemba hata Machi, majahazi makubwa ya Arabuni na Ghuba yalikuwa yakija. Kusi ikianza yalikuwa yakirudi. Lakini kusi ikiwa kali kabisa, Juni na Julai, mjomba alikuwa akisema bahari imefungwa. Hakukuwa na askari, wala kizuizi, wala tangazo. Na bado hapana nahodha mwenye akili aliyetoka. Aliyetoka na kupotea hakulaumiwa kwa sauti, lakini katika matanga watu walikuwa wakinong'ona kwamba alitoka bahari imefungwa.

Nataka msomaji aliangalie hili: miezi hiyo haikuwa miezi ya kukaa bure. Jahazi lilivutwa juu likalazwa ubavu, likatiwa kalafati upya, likapakwa deheni chini na sifa juu. Matanga yalishonwa. Harusi nyingi zilifanyika, kwa kuwa wanaume wako nyumbani. Na chakula cha miezi hiyo kilikuwa kimewekwa tangu kaskazi. Ng'onda na papa wakavu walining'inia darini, na bibi yangu alikuwa na mtungi wa mtama ambao hapana aliyeruhusiwa kuufungua mpaka kusi ianze. Deni la dukani nalo lilikuwa na kawaida yake: mwenye duka alijua kwamba baharia hulipa bahari ikifunguka, wala hakumdai kabla. Kufungwa kwa bahari kulikuwa kumewekewa mahali pake katika maisha ya kila mtu, toka nahodha mpaka mtoto.

Nilipomaliza kumweleza hayo, rafiki yangu (maana tangu siku ile tumekuwa marafiki) akatikisa kichwa. "Basi wewe ulijua," akasema. "Ulijua zaidi yangu."

KUSI NA KASKAZI YA MLIMANI

Yeye naye akanifundisha jambo ambalo sijalisoma popote wakati ule, ingawa baadaye nimeliona limeandikwa na wapanda mlima. Mlima Kenya uko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Kwa hiyo miezi ya Juni mpaka Septemba jua linakuwa kaskazini, na ubavu wa kaskazini wa vilele vile unakauka na kupata joto, hali ubavu wa kusini umeshika barafu. Kuanzia Disemba hata Machi mambo hupinduka: jua limekwenda kusini, ubavu wa kusini unakuwa mwamba mtupu, na barafu inahamia kaskazini. Mpanda mlima hodari huchagua ubavu wake kwa kufuata jua, kama vile nahodha alivyochagua safari yake. Nilishangaa sana. Mlima una kusi na kaskazi yake!

Na baina ya majira hayo mawili ndipo panapokuja mvua: Aprili na Mei, kisha tena Novemba. Sasa mvua hiyo inatoka wapi? Inatoka kwetu. Ni pepo zinazotoka katika bahari hii hii ya Hindi, tunazozisikia zikivuma kwenye minazi ya Shanzu, ndizo zinazobeba unyevu mpaka bara, zikagonga ubavu wa mashariki na kusini wa mlima, zikapanda, zikapoa, zikamwaga maji. Ndiyo sababu Chogoria inazama katika tope na Sirimon iliyo nyuma ya mlima ina nafuu. Maji hayo mengi yanaingia katika mto Tana, nao Tana unayarudisha baharini karibu na Kipini. Nikimwambia mjukuu wangu kwamba tope lililolifunga lango la mlima ni mvuke wa bahari aliyoogelea mwenyewe, anaona babu anatunga hadithi.

Wala watu wa pwani si wageni wa milima hiyo ya theluji. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann alipotoka Rabai, hapa nyuma yetu tu, akaiona Kilimanjaro na weupe wake, aliyekuwa akiiongoza safari ni Bwana Kheri, Mwislamu wa pwani. Rebmann alipomwuliza weupe ule ni nini, Bwana Kheri alimjibu kwa neno moja: baridi. Huko Ulaya wataalamu wakabishana kwa miaka kama theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta, na Bwana Kheri alikwisha kujibu. Na mwaka 1899, Mwingereza Mackinder alipofika Batian, mizigo yake ilichukuliwa mpaka huko na wapagazi, wakiwamo Waswahili zaidi ya sitini. Wawili kati yao waliuawa walipotumwa kutafuta chakula. Majina yao hayamo katika vilele. Kilele kimeitwa Batian, kwa jina la laibon Mbatian wa Wamasai.

Nimetoka kidogo katika njia, nisameheni. Nilitaka tu kuonyesha kwamba kijana wa Shanzu anapotaka kwenda mlimani hafanyi jambo geni, na mimi sikumkataza asiende. Nilimkataza mwezi.

MIEZI MIKAVU YA MVUA

Tangu mwaka ule 1985 nimekuwa nikiandikiana na yule mpagazi, kwanza kwa barua, sasa kwa simu ya mkononi. Kila mwaka mwezi wa Aprili mmoja wetu humpigia mwenzake, na maneno ni yale yale. Huku Shanzu mahoteli yamefunga vyumba, vijana wa ufuoni wamekaa. Kule Naro Moru gari haziendi Met Station, wageni wamepungua, wapagazi wamekaa. Yeye yuko mita elfu mbili juu ya bahari na mimi niko hatua chache kutoka majini, lakini njaa yetu ina mwezi mmoja.

Tofauti yetu na mjomba wangu ni kwamba mjomba alijiwekea. Sisi kila mwaka mvua ya mwaka inatukuta kama jambo lisilowahi kutokea. Kijana wa ufuoni akipata fedha za watalii mwezi wa Disemba, hununua simu mpya, na Mei anaiuza kwa nusu ya bei. Mwenye nyumba hangoji bahari ifunguke, anataka kodi kila mwisho wa mwezi. Shule nayo haingoji. Sisemi kwamba zamani hakukuwa na shida. Nimelala na njaa mara nyingi katika nyumba ya mjomba. Lakini ilikuwa njaa iliyojulikana siku yake ya kuja na siku yake ya kuondoka, tena ilikuwa ya mtaa mzima.

Pia nikubali kwamba hesabu za vidole peke yake hazitoshi tena. Tumeona misimu mitano mfululizo ya mvua ikikosekana katika sehemu nyingi za nchi mpaka mwaka 2022, halafu El Nino ya mwishoni mwa 2023 ikaja kwa fujo, na Aprili na Mei 2024 mafuriko yakaua watu na kukata barabara. Mwongo wa mjomba ungetoa jibu gani hapo? Ndiyo maana mimi nahesabu kwanza, kisha napiga simu. Mtu aliyesimama langoni asubuhi ile, miguu yake ikiwa topeni, ndiye kalenda.

Linaloniudhi ni wauzaji wa safari. Wanajua vizuri kwamba Aprili gari haliendi zaidi ya lango, lakini karatasi yao ya matangazo ni moja tu mwaka mzima, na picha juu yake ni ya Januari.

SAFARI YA VIJANA

Basi jioni ile nilimpigia rafiki yangu simu mbele ya mjukuu wangu, nikaweka sauti kubwa. Sasa ni mzee, hapandi tena, lakini mwanawe ni kiongozi wa wapandaji. Mjukuu akamsalimu shikamoo babu. Mzee akamwuliza mnakuja lini. Aprili. Kukawa kimya, kisha nikasikia kicheko kile ninachokijua tangu siku ya tingatinga.

"Mjukuu," akasema, "uliza babu yako nilipoteza nini mwezi wa Aprili."

Kijana akanigeukia. Sikuwa nimepata kumsimulia mtu yeyote katika nyumba yangu habari ya mtamba. Nikamsimulia pale pale, na simu bado iko wazi, na mwenye mtamba anasikiliza.

Mambo hayakwisha siku ile, msidhani. Wenzake walikuja barazani wote, wakabisha. Mmoja akasema, si kwa sauti kubwa lakini masikio yangu bado mazima, kwamba mzee anaogopa matope. Mwenye gari akakataa kurudisha elfu ishirini. Baada ya wazazi wawili kwenda kuzungumza naye akakubali kuahirisha mpaka Agosti kwa kuongezewa elfu tano. Wawili wakajitoa. Watatu wakakataa kungoja, wakapanda matatu kwa nauli zao, wakaenda Aprili ile ile. Walitembea kutoka langoni mpaka Met Station katika mvua, wakafika magharibi imeingia, wakalala na nguo za maji, na kesho yake wakarudi. Mmoja wao mpaka leo anasema haijapata kuwako safari tamu kama ile, na sina la kumbishia.

Waliobaki walikwenda Agosti. Gari lilipita langoni asubuhi, njia kavu, vumbi. Waliongozwa na mwana wa rafiki yangu. Wanne walifika Lenana, mita 4,985, jua linachomoza. Wengine walirudi njiani kwa kuumwa na kichwa, akiwamo mjukuu wangu, ambaye hapendi nilitaje hilo lakini nimekwisha kulitaja. Nilimwuliza kulikuwaje huko juu. Akafikiri kidogo, akasema, "Baridi, babu."

Alirudi na gunia la viazi vya Naro Moru alilopewa na yule mzee aniletee, na ujumbe kwamba safari ijayo asije mikono mitupu, anataka ng'onda. Nimewatundika darini tangu kaskazi.